Mkuu Hayupo Ofisini

Dirisha namba tatu la ofisi ya vibali vya ujenzi lilikuwa na sifa moja tu: kila aliyelifikia alirudishwa. Asubuhi hiyo foleni ilijipinda mpaka nje ya mlango, watu wamekumbatia mafaili na ramani zilizoviringishwa, feni moja inazunguka kwa kujilazimisha, na karani anakataa karatasi moja baada ya nyingine bila hata kuinua sauti. Zamu ikamfikia kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa pasi hadi mikononi. Alikuwa anakuja kwa mara ya nne.

"Ngazi yako inapanda kwenda wapi?" karani akamuuliza.

"Juu."

"Juu umechora choo. Mgeni wako akipanda anatokea chooni?"

Foleni nzima ikacheka. Yule kijana naye akacheka, tena kuliko wote, akaichukua ramani yake na kutoka pembeni akiitazama kama mtu aliyegundua kwamba mtoto wake ndiye aliyevunja kioo cha jirani.

Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke mwenye gauni la bluu lenye mifuko mikubwa, penseli imechomekwa kwenye nywele. Alikuwa ameiona ile ramani kwa juu ya bega la kijana tangu saa nzima iliyopita, na kwa saa nzima vidole vilikuwa vinamuwasha. Akaacha nafasi yake kwenye foleni, jambo ambalo mwenye akili timamu halifanyi mbele ya dirisha namba tatu, akamwambia, "Samahani, naomba nione."

Akaitandaza karatasi ukutani, akachomoa penseli. Ngazi akaigeuza ikapanda kwa kukunja kona. Choo akakisogeza juu ya jiko, maji yapande kwa njia moja. Dirisha akalipeleka upande wa upepo. Dakika kumi, mkono hautetemeki, haurudi nyuma, na kila mstari ulikwenda mahali pake kama ulikuwa umeagizwa. Mimi nimewaona mafundi wengi katika maisha yangu, na nawaambia, mtu anayeijua kazi yake anapendeza kuliko mtu aliyevaa dhahabu. Kijana akasahau karatasi, akawa anautazama mkono, kisha akamtazama mwenye mkono.

Macho ndiyo yalikuwa kazi ya kijana huyo. Alikuwa mpima macho, fundi wa miwani, amepanga chumba kidogo nyuma ya duka la dawa. Yeye na kaka yake waliachiwa na marehemu baba yao nyumba ya zamani ya ghorofa moja kwenye mtaa wa maduka, na walitaka chini pawe na duka la miwani, juu akae mama yao. Ramani aliichora mwenyewe, maana aliona ni mistari tu.

Kijana akamuuliza mwanamke ofisi yake iko wapi, amletee kazi yote. Hapo ndipo maajabu yalipotokea. Mwanamke yule aliyekuwa amehamisha choo bila kupepesa macho akaanza kujivuta, sauti ikashuka, macho yakatazama sakafu.

"Nipo kwenye ofisi moja hivi," akasema. "Nitamwambia Mkuu wangu. Akikubali, tutakupigia."

Sasa nikwambie ukweli ambao kijana hakuujua. Mkuu hakuwepo. Siyo kwamba alikuwa safarini, hapana. Hakuwahi kuwepo duniani. Ofisi ilikuwa chumba cha uani nyumbani kwa shangazi yake, dirisha limetazama kamba ya nguo, ndani kuna meza moja, kompyuta moja, na leseni ukutani yenye jina la mwanamke huyo mwenyewe. Alikuwa amechora nyumba za watu miaka tisa kwenye kampuni kubwa, akaacha kazi na kujiajiri. Wiki ya kwanza akaja mteja mmoja mwenye kitambi na funguo za gari, akakaa, akatazama huku na huku, akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Badala ya kusema mwenyewe ndiye mimi, akajikuta amesema, "Ametoka."

Basi Mkuu akazaliwa, na akakua haraka kuliko mtoto wa jirani. Akapewa magoti yanayouma, akapewa hasira za karibu, akapewa safari zisizoisha. Mteja akitaka jambo la kijinga, Mkuu hataki. Mteja akiharakisha, ngoja nimuulize Mkuu, halafu dada wa watu anatoka nje na simu sikioni, anaongea na kamba ya nguo. Ilimsaidia, siwezi kusema haikumsaidia. Lakini kulikuwa na jambo lililokuwa linamla taratibu. Wateja walipohamia nyumba zao na kupiga simu kwa furaha, walisema, "Mwambie Mkuu wako ni kichwa." Naye alijibu, "Nitamfikishia." Miaka miwili alipokea sifa zake kwa niaba ya mtu mwingine, na hakuna hata moja iliyomfikia.

Shangazi yake, mkunga mstaafu asiyejua kumung'unya maneno, alimwambia mara nyingi kwamba mficha uchi hazai. Alisikia, akaendelea. Na waliosema chema chajiuza, mimi naamini hawakuwahi kujiajiri.

Kazi ya nyumba ya zamani ikaanza. Mchora ramani akaenda kupima vyumba, kijana akamshikia mwisho wa tepu. Kwa ajili ya ile penseli ya nywelini akaanza kumwita Penseli. Naye akamwita Miwani. Simu za jioni zikaanza kwa habari za ngazi, zikahamia kwenye habari za madirisha, na kufikia mwezi wa pili zilikuwa hazina habari yoyote ila kicheko na "kata wewe", "hapana, kata wewe". Siku moja Miwani akampeleka kwenye chumba chake cha kupimia, akamkalisha kwenye kiti, akamwambia asome herufi ukutani. Penseli akazisoma zote mpaka mstari wa mwisho, ule mdogo kabisa, kisha akasema, "Samahani."

"Samahani ya nini?"

"Sijui. Labda nimesoma haraka."

"Mpenzi, hapa wamepita watu mia wakashindwa huo mstari. Wewe umeuona, halafu unaniomba radhi kwa kuona?"

Alisema kwa utani, lakini Penseli alirudi nyumbani na neno hilo likakaa naye usiku kucha.

Miwani alimpenda waziwazi, bila kujificha, kama alivyofanya mambo yake yote. Alimsifu mbele ya wauzaji wa duka la dawa, mbele ya wateja, hata mbele ya karani wa dirisha namba tatu. Jambo moja tu lilimkaa kooni. Akisema rangi, Mkuu. Akisema mlango, Mkuu. Miezi mitatu hajamwona huyo mtu hata kisogo, lakini simu zake zilimtoa Penseli nje katikati ya mazungumzo matamu.

Ikafika jioni moja kwenye mkahawa wa kona, meza ya dirishani. Penseli amevaa blauzi ya kijani aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo, hereni ndogo, uso unawaka. Miwani akamshika mkono.

"Mama anataka kukuona. Jumapili nikupeleke?"

Alitaka. Mungu ndiye shahidi, alitaka kuliko kitu chochote. Lakini papo hapo akamwona mama wa watu akimuuliza, mwanangu, unafanya kazi wapi? Akakiona kile chumba cha uani na kamba ya nguo. Akajiona mdogo. Na ulimi, ambao kwa miaka miwili ulikuwa umezoea njia moja ya kukimbilia, ukakimbia.

"Ngoja nimuulize Mkuu," akasema.

Kijiko cha Miwani kikasimama ndani ya kikombe.

"Umuulize Mkuu kama unaweza kumwona mama yangu?"

"Huenda Jumapili kuna kazi..."

"Penseli, huyo mtu ni nani kwako?"

"Ni mkuu wangu wa kazi."

"Mkuu wa kazi anaulizwa habari za kazi. Mimi nimekuuliza habari zangu na zako. Kama kuna mtu, niambie tu, nijue nimesimama wapi."

Hapo ndipo angesema. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini ulimi ulioleta balaa ukakataa kuliondoa. Miwani akasubiri mpaka chai ikapoa. Kisha akainuka, akarudisha kiti chake vizuri chini ya meza kama mtu mwenye adabu zake, akaondoka.

Hakupiga simu siku ya kwanza, wala ya pili. Penseli aliishika simu kutwa nzima, akaandika ujumbe na kuufuta, akaandika tena. Siku ya sita simu ikalia, akairukia, kumbe ni kaka yake Miwani.

Huyo kaka aliuza vipuri vya magari na aliongea kama injini imewashwa karibu yake. Alikuwa na lake: ukuta wa katikati, kule chini, uvunjwe, duka liwe ukumbi mmoja. Penseli alikwishamwandikia mara mbili kwamba Mkuu hakubali. Kaka mtu akasema amechoka kutawaliwa na mtu asiyeonekana. Jumamosi saa nne anakuja na fundi mwashi na nyundo. Mkuu aje aseme mwenyewe mbele ya ukuta. Asipokuja, ukuta unashuka, na kazi iliyobaki atapewa mchoraji mwingine.

Penseli akakaa kitako. Ukuta ule ndio uliobeba sakafu ya juu, na chumba cha mama yao kilikuwa juu yake sawasawa. Ukishuka, mama atalala juu ya hewa. Na asipotokea mtu wa kusimama Jumamosi, utashuka.

Unajua alichofanya? Alikwenda kwa jirani, mzee mstaafu wa posta, mwenye mvi nzuri na suti nyeusi ya misiba, akamwomba awe Mkuu kwa nusu saa. Mzee akafurahi sana. Akavaa suti, akasimama katikati ya sebule ya shangazi, akakohoa, akasema, "Ukuta hauvunjwi," kwa sauti nzito kiasi kwamba Penseli nusura apige makofi. Kisha mzee akauliza, kwani hauvunjwi kwa nini? Penseli akamweleza. Alieleza boriti zinatoka wapi na zinaishia wapi, uzito unashukaje, ufa unaanzia wapi, akapanga vijiti vya kiberiti mezani, macho yakang'aa, sauti ikapanda, akasahau kabisa kujikunyata. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kufungua tai.

"Binti yangu, haya yote mimi nitayakumbuka vipi? Si uende tu wewe unayeyajua."

Shangazi aliyekuwa jikoni akajitokeza mlangoni na mwiko mkononi. "Nimezalisha wanawake miaka thelathini," akasema. "Sijamwona hata mmoja aliyemtuma jirani akajifungue kwa niaba yake."

Penseli akacheka, kisha akalia, kisha akaenda kuchonga penseli zake.

Jumamosi saa nne kasoro alifika kwenye nyumba ile amevaa suruali nyeusi, shati la manjano na viatu vya kazi. Ndani kulinukia vumbi la chokaa. Kaka mtu alikuwa amesimama mikono kiunoni, fundi mwashi na nyundo yake kubwa pembeni. Miwani alikuwa dirishani. Alimsalimia kwa adabu, halafu macho yake yakapita begani mwake kumtafuta mwingine anayekuja nyuma.

"Mkuu yuko wapi?" kaka mtu akauliza.

Akapiga moyo konde.

"Ni mimi."

"Wewe ni nini?"

"Mkuu ni mimi. Hakuna mwingine, na hajawahi kuwepo. Ofisi ni yangu, michoro ni yangu, na neno la ukuta huu ni langu. Hauvunjwi."

Kaka mtu akacheka, akamtazama mdogo wake, akaona hacheki, akaacha. Kisha hasira ikampanda. Akasema njia ya mwongo ni fupi, na leo imefika mwisho. Mtu aliyemdanganya kuhusu yeye mwenyewe, atamwamini vipi kuhusu ukuta?

"Una haki," Penseli akasema. "Nilidanganya, na kosa ni langu. Kuhusu ukuta usiniamini mimi. Panda uone."

Akaivuta ngazi ya mbao, akapanda, akabandua ubao wa dari na kumulika tochi. Akamwita fundi mwashi. Boriti kutoka mbele ya nyumba ziliishia juu ya ukuta ule. Boriti kutoka nyuma ziliishia palepale. Hakukuwa na hata moja iliyovuka. Fundi akachungulia kwa muda mrefu, akashuka, akaiweka nyundo kwenye mfuko.

"Bosi, mimi sivunji," akasema. "Dada yuko sahihi. Ningepiga nyundo tatu tu, tungekuwa tunazungumza mengine."

Kaka mtu akapanda mwenyewe na nguo zake safi, akashuka na vumbi kichwani. Akakaa juu ya mfuko wa saruji. Nadhani alimwona mama yake amelala kule juu. Penseli hakumcheka wala hakumsimanga. Akachuchumaa, akamchorea sakafuni jinsi nafasi mbili pana zinavyoweza kufunguliwa kwenye ukuta ule, kila moja na boriti yake ya zege juu, na uwazi anaoutaka akaupata. Kaka mtu akautazama mchoro, akajikuna kichwa, akauliza utakuwa tayari lini. Penseli wa zamani angesema siku tatu, maana alikuwa mwoga wa wateja. Penseli akasema wiki tatu. Kaka mtu akaguna, akasema sawa, kisha akaongeza, bila kumtazama usoni, kwamba hakuona sababu ya mtu mwenye kichwa kama hicho kujificha nyuma ya mzuka.

Hiyo ilikuwa sifa ya kwanza ya Mkuu kumfikia mwenyewe. Aliipokea kwa kusema asante.

Miwani alikuwa amepanda juu. Penseli akamkuta kwenye chumba cha mama, amesimama katikati, mikono mifukoni.

"Kwa hiyo hakuna mtu," Miwani akasema.

"Hakuna."

Penseli alisubiri Miwani atabasamu. Hakutabasamu.

"Siku nane nimemwonea wivu mtu ambaye hana hata kivuli. Ningependa kucheka, lakini nikifikiri zaidi naumia. Maana kama Mkuu ni wewe, basi aliyekataa kwenda kwa mama ni wewe. Mwanzo nilikuwa na mtu wa kumlaumu."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Penseli angeweza kusema samahani, na ilikuwa imeshafika kwenye midomo. Akaimeza.

"Ni mimi," akasema. "Niliogopa. Niliona mama yako ataniuliza ofisi yangu iko wapi, nikaona chumba cha uani, nikaona sitoshi. Sikuwa nakukataa wewe. Nilikuwa najikataa mimi, na wewe ukaumia. Nakupenda, Miwani. Nakupenda tangu siku ile watu walipokucheka nawe ukacheka nao."

"Na sasa? Jumapili?"

Chini, fundi mwashi alikuwa anaaga. Safari hii Penseli akazipanga kwanza siku zake kichwani.

"Jumapili hii siwezi. Nina mchoro wa watu nimeahidi kuumaliza, na sitaki kuja kwa mama yako nikiwa nasinzia. Jumapili ijayo, saa kumi. Nitakuja mwenyewe."

Miwani akamtazama. Miezi mitatu alikuwa hajawahi kuambiwa hapana na mwanamke huyu kwa kinywa chake, na maskini wa Mungu, ilimfurahisha kuliko ndiyo zote alizowahi kupewa. Akacheka hatimaye, kile kicheko chake cha wazi, akamvuta, na vumbi la dari likahamia kwenye shati lake jeupe wala hakujali.

Jumapili ya pili, saa kumi kamili, Penseli aligonga mlango akiwa na ramani chini ya kwapa. Mama alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho makali, na hakupoteza muda. Baada ya shikamoo na marahaba, kabla chai haijamiminwa, akauliza, "Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Nachora nyumba, mama. Ofisi ni yangu. Iko uani kwa shangazi."

Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia basi asogee karibu amwonyeshe nyumba yenyewe. Penseli akaitandaza ramani mezani. Mama akavaa miwani aliyotengenezewa na mwanawe, akafuata mistari kwa kidole: hapa duka, hapa ngazi, hapa nitalala mimi, hapa jiko. Akafika kwenye nafasi kubwa ya pembeni iliyokuwa haijaandikwa kitu.

"Na wewe humu chumba chako kiko wapi?"

Miwani akapaliwa na chai. Kaka yake akatazama dari. Penseli akamtazama Miwani, na Miwani, akiwa bado anakohoa, macho yanamtoka machozi, akatikisa kichwa kukubali mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Sijakichora, mama," Penseli akasema. "Lakini naona nafasi inatosha viwili. Cha kulala, na cha kazi. Cha kazi nitataka kitazame barabarani, watu waone."

Akainama juu ya ramani, akaanza kupima.